Bibi Harusi wa Miaka 5, Bibi Harusi wa Miaka 102: Rekodi za Umri wa Kuolewa Duniani

Nchini Niger, nusu ya wanawake huwa wamekwisha kuolewa wanapofika miaka 15 na miezi minane. Korea Kusini, bibi harusi wa kawaida ana miaka 31 na nusu. Wa pili ana umri wa wa kwanza mara mbili! Pengo la miaka 16 kati yao linatosha kumwandikisha binti darasa la kwanza pale Tanzania, kumvusha darasa la saba, kidato cha nne na kidato cha sita, kisha kumtoa chuo kikuu akiwa na shahada.

Kanuni za mashindano ni hizi. Baadhi ya nchi hutangaza umri wa kati: wapange wanawake kwa umri walioolewa nao, umri wa aliyesimama katikati ya safu ndio unaoandikwa. Nyingine hutangaza wastani, unaotokana na daftari za ndoa au kukokotolewa kutoka kwenye sensa. Vipimo hivi hutofautiana kidogo, kwa hiyo hatutagombania miezi miwili au mitatu. Na kwa kuwa humu wamo mabibi harusi waliochagua siku yao na watoto waliochaguliwa siku hiyo na wengine, medali hazitolewi kwa furaha ileile.

1. Mkongwe kuliko wote: miaka 102

Tarehe 31 Mei 1991, huko Point Clare katika jimbo la New South Wales, Australia, Minnie Munro alifunga ndoa na Dudley Reid. Bwana harusi alikuwa na miaka 83. Bibi harusi alikuwa na miaka 102! Kitabu cha rekodi cha Guinness kikamwandika kuwa bibi harusi mkongwe kuliko wote.

Minnie alizaliwa kipindi ambacho Abushiri bin Salim alikuwa akipigana na Wajerumani Pangani, na siku alipovaa shela Tanganyika ilikuwa na miaka 29 ya uhuru. Alimzidi mumewe miaka 19, na miaka 19 ndiyo umri ambao karibu nusu ya wanawake wa Tanzania huwa tayari wameolewa.

Rekodi ya maharusi wawili kwa pamoja ni kubwa zaidi. Tarehe 19 Mei 2024, mjini Philadelphia, Marekani, Marjorie Fiterman mwenye miaka 102 aliolewa na Bernie Littman mwenye miaka 100. Jumlisha umri wao: miaka 202 na siku 271! Waliwapiku Waingereza George Kirby, 103, na Doreen Luckie, 91, waliooana Eastbourne mwaka 2015 wakiwa na jumla ya miaka 194 na ushee. Ukiihesabu miaka 202 kurudi nyuma kutoka harusi ya Philadelphia, unafika mwaka 1822, wakati Sayyid Said alikuwa bado hajahamishia makao yake Zanzibar.

2. Miongoni mwa wadogo kuliko wote katika vitabu vya wafalme: miaka 5 na 4

Sasa upande wa pili wa kipimo. Tarehe 15 Januari 1478, katika kasri la Westminster, London, Anne Mowbray aliozwa kwa Richard wa York, mtoto wa mfalme. Bibi harusi alikuwa na miaka mitano na mwezi mmoja. Bwana harusi alikuwa na miaka minne. Jumla yao ni miaka tisa; maharusi wa Philadelphia wanawazidi mara 22. Leo watoto hao wangekuwa kwenye darasa la awali wakijifunza kushika penseli. Watu wazima waliowaoza walikuwa na akili timamu na hesabu kali: Anne alikuwa mrithi wa mali nyingi sana, na ndoa ilikuwa njia ya kuiingiza mali hiyo katika ukoo wa mfalme. Alifariki mwaka 1481 kabla ya kutimiza miaka tisa.

Taji la malkia mdogo wa Uingereza ni la Isabella wa Valois, Mfaransa aliyeolewa na Mfalme Richard II mwaka 1396 akiwa hajatimiza miaka saba. Na Margaret Beaufort aliolewa mwaka 1455 akiwa na miaka 12; Januari 1457, akiwa na miaka 13 na tayari mjane, akamzaa mtoto ambaye baadaye alikuwa Mfalme Henry VII. Hakuzaa tena maisha yake yote, ingawa aliolewa mara nyingine mbili.

3. Sheria iliyokaa muda mrefu kuliko inavyodhaniwa: Uingereza, miaka 12

Rekodi hii huwashangaza wengi. Sheria ya kanisa ya karne za kati ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 12, na Uingereza iliibakiza hadi mwaka 1929. Si 1529, ni 1929! Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, kwa hiyo ruhusa ya kumuoza msichana wa miaka 12 ilifutwa Uingereza miaka sita tu kabla watani wa Kariakoo hawajaanza kuzaliwa. Mwaka huohuo wa 1929, kwenye koloni lao la India, ilipitishwa Sheria ya Sarda iliyoweka miaka 14 kwa wasichana. Uingereza yenyewe ilipanda hadi 16, na ilipofika tarehe 27 Februari 2023 ndipo Uingereza na Wales zikaweka 18 bila mlango wa nyuma.

Lakini sheria si maisha. Wanawake wa kawaida wa Uingereza ya karne ya 17, mabinti wa wakulima na watumishi wa majumbani, waliolewa kwa wastani wakiwa na takriban miaka 26. Soma tena: 26, wakati Wareno wakiwa bado wameishika Ngome ya Yesu pale Mombasa! Wanahistoria wamelithibitisha hilo kutoka daftari za parokia. Mwaka 1965 mtaalamu wa takwimu John Hajnal alichora mstari kutoka St Petersburg hadi Trieste na kuonyesha kwamba magharibi ya mstari huo wanawake kwa karne kadhaa waliolewa wakiwa katikati ya miaka ya ishirini, na wengi hawakuolewa kabisa. Sababu ilikuwa jiko. Huko, ndoa ilimaanisha kuanzisha nyumba yenu wenyewe, na nyumba ilihitaji akiba. Binti alienda kufanya kazi kwenye nyumba za watu miaka kumi, akakusanya fedha, ndipo akaolewa. Palipo na desturi ya bibi harusi kuingia nyumba ya wakwe, akiba haikuhitajika na harusi iliweza kuja mapema.

4. Nchi inayooza mapema kuliko zote: Niger

Hapa sishangilii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa asilimia 76 ya wanawake wa Niger wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18, na asilimia 28 kabla ya kutimiza 15. Chukua basi la mkoani la abiria 60, ulijaze wasichana wa Niger. 46 kati yao wataozwa kabla ya umri wa kupiga kura. 17 wataozwa kabla ya umri ambao mtoto wa Kitanzania anakuwa kidato cha pili. Watakaobaki wanatoshea kwenye Hiace.

Wanaoifuata Niger wako mbali kidogo: Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati, kila moja ikiwa karibu asilimia 61. Ni pengo kubwa, la pointi 15, kati ya wa kwanza na wa pili. Ardhi kame, shule za sekondari zilizo mbali, na hofu ya wazazi kwamba binti atapata mimba nyumbani na kuiaibisha familia: hizo ndizo nguvu zinazoisukuma Niger kileleni pasipotamanika.

5. Umati mkubwa kuliko wote: milioni 640

UNICEF ilikadiria mwaka 2023 kwamba wanawake na wasichana milioni 640 walio hai duniani waliolewa wakiwa watoto. Sensa ya 2022 iliwahesabu Watanzania wote, kuanzia kichanga hadi kikongwe, wakawa 61,741,120. Basi zinahitajika Tanzania kumi kamili, na bado milioni 20 na zaidi wanabaki nje!

Theluthi moja ya hao wako India peke yake, zaidi ya milioni 200. Kwa asilimia Niger inaongoza. Kwa vichwa hakuna anayeikaribia India.

Na kila mwaka wanaongezeka wasichana wapatao milioni 12. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000. Ujaze mara 200, huo ndio mwaka mmoja. Kwa siku ni zaidi ya nusu ya uwanja. Kwa dakika ni wasichana karibu 23, abiria wa Coaster moja. Mechi ya Simba na Yanga ikichezwa dakika 90 bila nyongeza, wasichana 2,000 na zaidi wanakuwa wameozwa kati ya filimbi ya kwanza na ya mwisho.

6. Wanaochelewa kuliko wote

Ulaya na Asia ya Mashariki zinapigania kombe hili.

Korea Kusini: mwaka 1990 wastani wa ndoa ya kwanza kwa mwanamke ulikuwa miaka 24.8; mwaka 2023 ulifika 31.5. Japani: 23.0 mwaka 1950, 29.7 mwaka 2022. Uswidi imezipita zote mbili, ikiwa juu ya miaka 33. Huko Uswidi wapenzi wengi huishi pamoja na kuzaa kwanza, harusi ikaja watoto wakiwa na umri wa kubeba maua.

Japani ina rekodi nyingine inayotisha wapanga bajeti wake. Mwaka 1990, kati ya wanawake 100 waliofika miaka 50, wanne tu walikuwa hawajawahi kuolewa. Mwaka 2020 walikuwa karibu 18. Mara nne, kwa kizazi kimoja! Mwanamke wa Kijapani aliyesoma na mwenye mshahara huangalia nyumba inayomsubiri, yenye saa ndefu za kazi za mume na kazi zote za ndani zikiwa zake, akaahirisha. Ninamwelewa vizuri.

7. Aliyepanda na kushuka kuliko wote: Ireland

Wengi huamini umri wa kuolewa hupanda tu, kama maji ya bahari yanapojaa. Ireland inakanusha. Baada ya njaa kuu ya miaka ya 1840 familia za Ireland ziliacha kugawa mashamba vipande vipande. Mtoto mmoja alirithi, wengine wakasubiri, wakahama au wakabaki bila kuoa. Kufikia miaka ya 1930 bibi harusi wa Ireland alikuwa na takriban miaka 28, na robo ya wanawake walifika makamo bila kuolewa. Robo nzima! Hata Japani ya leo haijafika hapo.

Kisha ikashuka. Uchumi ulipofunguka na mishahara ya mijini ikapatikana, kijana hakungoja tena baba afe ndipo apate shamba, na katika miaka ya 1970 wastani uliteremka hadi karibu 24. Halafu ukapanda tena bila kupumzika, na leo bibi harusi wa Ireland, ukihesabu na wanaoolewa tena, amepita miaka 35. Bibi aliolewa akiwa na 28, binti akiwa na 24, mjukuu akiwa na 35: familia moja inaweza kubeba historia yote hiyo.

Marekani ilifanya vivyo hivyo kwa kiwango kidogo. Mwaka 1890 umri wa kati ulikuwa 22.0. Mwaka 1956 ulianguka hadi 20.1, rekodi ya chini kabisa katika takwimu zao. Vita vilikuwa vimekwisha, viwanda viliajiri, nyumba mpya ziliuzwa kwa mkopo nafuu. Mwaka 2023 ulikuwa 28.4. Wamarekani wanaoililia "desturi ya zamani" ya kuolewa na miaka 20 wanakililia kipindi kimoja kifupi, ambacho bibi zao walioishi karne ya 19 wasingekitambua.

8. Wenye mbio kuliko wote: China dhidi ya Algeria

Mbio fupi kwanza. Sensa ya China ya 2010 iliweka wastani wa ndoa ya kwanza kwa mwanamke kwenye miaka 24.0. Sensa ya 2020 ikaukuta kwenye 27.95. Karibu miaka minne kwa miaka kumi! Yaani kila mwaka uliopita, bibi harusi wa China alichelewa miezi mitano pungufu kidogo. Vyuo vikuu vilifunguliwa kwa mamilioni ya mabinti, watu wa vijijini wakahamia mijini, na bei ya nyumba ikapaa.

Nchi hiyohiyo iliwahi kukimbia hivi kwa amri. Katika miaka ya 1970 serikali iliendesha kampeni ya kuolewa baadaye, kuzaa kwa nafasi na kuzaa wachache. Wanawake wa vijijini walitakiwa kungoja hadi 23, wa mijini hadi 25. Wastani ulipanda kutoka karibu 20 hadi karibu 23 ndani ya muongo. Halafu likatokea jambo la ajabu: mwaka 1980 sheria mpya ikapandisha umri halali wa mwanamke kutoka 18 hadi 20, na umri halisi wa kuolewa ukashuka! Wananchi waliiona 20 ya sheria kuwa ruhusa, wakaachana na 23 ya kampeni, na harusi zikafurika.

Sasa mbio ndefu, na hapa dhahabu ni ya Afrika. Algeria, mwaka 1966, miaka minne baada ya uhuru: wastani wa miaka 18.3. Mwaka 1977: 20.9. Mwaka 1987: 23.7. Mwaka 1998: 27.6. Mwaka 2008: 29.3. Ongezeko la miaka 11 kwa miaka 42! Miaka 11 ni darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Ni kana kwamba kila msichana wa Algeria alipewa elimu yote ya msingi na sekondari zaidi kabla ya kuvaa shela, na kwa wengi ndivyo ilivyokuwa hasa, maana Algeria huru ilijaza wasichana madarasani. Lakini si kila mwezi wa ongezeko hilo ulikuwa wa hiari. Mijini nyumba zilikuwa haba, vijana hawakuwa na ajira, na mahari na sherehe zikawagharimu kupita kiasi. Wengi walisubiri kwa sababu hapakuwa na chumba cha kuhamia.

Jirani yake Morocco naye alitoka 17.5 mwaka 1960 hadi 26.3 mwaka 2004, na hapo akashikwa pumzi: sensa ya 2014 ilimkuta ameteleza hadi 25.8.

9. Sheria kali na sheria legevu

Nchi inayodai umri mkubwa zaidi kwa mwanamke iko jirani kabisa nasi. Ni Rwanda! Umri wake wa ndoa ni miaka 21 kwa wanaume na wanawake. Sheria ya 2024 iliruhusu maombi maalumu kuanzia 18, lakini kanuni imebaki 21. China inafuata kwa 20.

Upande wa pili, Sudan katika sheria yake ya 1991 ilimruhusu hakimu kuidhinisha ndoa ya msichana wa miaka 10. Yemen ilifuta kiwango cha 15 mwaka 1999 na haikuweka kingine. Iran ilikuwa imefika 18 kabla ya mapinduzi ya 1979, ikaporomoka hadi 9, kisha mwaka 2002 ikapanda hadi 13. Na Marekani, inayopenda kuwafundisha wengine, ilipata jimbo lake la kwanza la kuzuia kabisa ndoa za walio chini ya 18 mwaka 2018. Jimbo hilo ni Delaware, mojawapo ya madogo kuliko yote.

Kenya iliweka 18 bila kuachia mwanya katika Sheria ya Ndoa ya 2014. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifuta umri wa 15 kwa wasichana mwaka 2016.

10. Ligi ya nyumbani

Tukitumia umri wa kati wa tafiti za kitaifa za 2014 hadi 2016, jedwali linasomeka hivi: Rwanda 21.9, Kenya 20.2, Tanzania 19.2, Uganda 18.7. Kati ya wa kwanza na wa mwisho ni miaka mitatu na ushee, muda wa shahada ya kwanza.

Aliyepiga hatua kubwa karibuni ni Kenya. Mwaka 2014, asilimia 23 ya wanawake wake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya 18. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 13. Karibu nusu imeondoka kwa miaka minane! Tanzania ilitoka asilimia 41 mwaka 2004/05 hadi 37 mwaka 2010, 31 mwaka 2015/16, na 29 mwaka 2022. Inaelekea kunakotakiwa, ila angalia hatua ya mwisho: pointi mbili tu.

Mashindano makali zaidi yamo ndani ya Tanzania yenyewe. Utafiti wa 2010 uliukuta Mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijamegwa, ukiwa na asilimia 59. Tabora 58. Mara 55. Na Iringa? Asilimia 8! Bendera moja, mtaala mmoja wa shule, Katiba moja. Lakini msichana wa Shinyanga alikuwa na uwezekano wa kuozwa utotoni mara saba zaidi ya mwenzake wa Iringa. Kwa wafugaji wa Usukumani mahari ni ng'ombe, na mwaka wa ukame binti mmoja anaweza kulijaza tena zizi. Iringa kwa muda mrefu imewapeleka mabinti shule, na wengi wao kwenda mijini kufanya kazi za ndani. Maisha ya kazi za ndani yana dhiki zake, lakini harusi yao husogea mbele.

Kwenye karatasi, Tanzania ina rekodi ya uvumilivu isiyopendeza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kongwe kuliko CCM yenyewe, ilimpa mvulana miaka 18 na msichana 15 kwa ridhaa ya wazazi, na mahakama iliweza kushuka hadi 14. Iliishi miaka 45 bila kutikiswa, hadi mwanasheria Rebeca Gyumi alipoipeleka Mahakama Kuu. Tarehe 8 Julai 2016 akashinda: vifungu vya 13 na 17 vilitangazwa kuwa kinyume cha Katiba, na serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwaka ukapita. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwanamke mmoja dhidi ya Mwanasheria Mkuu, mbili bila! Katikati ya mapambano hayo, mwaka 2018, Umoja wa Mataifa ulimtunuku tuzo yake ya haki za binadamu. Na mwaka 2016 Bunge liliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa mwanafunzi. Maana yake kwa mzazi wa kijijini ni ya ajabu: mlinzi mkubwa wa binti ni jina lake kuwa kwenye daftari la mahudhurio.

11. Punguzo kubwa kuliko yote: India

Tuirudie India, maana haki haijatendeka. Mwaka 2005/06, asilimia 47 ya wanawake wake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya 18. Mwaka 2015/16: asilimia 27. Mwaka 2019/21: asilimia 23. Kwenye lile basi letu la abiria 60, mabinti 28 wamepungua hadi 14. Katika nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, punguzo hilo ni mamilioni ya wasichana waliobaki shule, na dunia yote ikashuka nayo, kutoka asilimia 23 hadi 19 ndani ya miaka kumi. Tanzania iliyoanza kwenye 41 ilikuwa mbele ya India. Leo iko nyuma yake kwa pointi sita.

12. Kinga rahisi: madaftari, kuku na mbuzi

Watafiti wa Population Council walijaribu njia mbalimbali za kuchelewesha ndoa za utotoni Ethiopia, Tanzania na Burkina Faso. Huko Amhara, Ethiopia, wasichana wa miaka 12 hadi 14 waliopewa madaftari na kalamu za shule walipunguza uwezekano wa kuozwa kwa asilimia 94. Kuku wawili kwa wenzao wa miaka 15 hadi 17 walipunguza kwa nusu. Mkoani Tabora, ileile Tabora ya asilimia 58, wasichana wa miaka 15 hadi 17 waliishi kwenye vijiji vilivyoahidi mbuzi kwa familia ambayo haitamuoza binti. Uwezekano wa kuozwa ukapungua kwa theluthi mbili! Mbuzi anazaa, anauzika siku ya shida, na anampa baba sababu ya kusema hapana kwa mshenga bila kuvunja heshima.

13. Mvunjaji mkuu wa ndoa: chifu mmoja, ndoa 850

Rekodi ya kazi ya mtu mmoja inakwenda wilaya ya Dedza, Malawi. Theresa Kachindamoto alikuwa karani wa chuo, mama wa watoto watano, alipoitwa nyumbani kurithi uchifu. Akakuta watoto wa miaka 12 wamebeba watoto. Aliwaita machifu wadogo walio chini yake, wakatia saini kukomesha ndoa hizo, na wale walioendelea kuziidhinisha akawavua uchifu hadi walipozifuta. Kufikia mwaka 2016 alikuwa amevunja ndoa za utotoni zaidi ya 850. Ni wasichana wa kujaza mabasi 14, na wengine kumi wamesimama! Akawarudisha madarasani, wengine akiwalipia karo kutoka mfukoni mwake au kwa kuwatafutia wafadhili. Wazazi walimtishia maisha, lakini hakurudi nyuma. Februari 2017 Bunge la Malawi lilirekebisha Katiba na kuufunga mwanya uliowaruhusu wazazi kuwaoza mabinti kuanzia miaka 15.